Uzito wa Pini: Kupakia Trela kwa Milima ya Gusii

Hamali anayevuta mkokoteni katika soko la Daraja Mbili mjini Kisii hahitaji kufundishwa habari za mizani. Mzigo ukikaa nyuma ya magurudumu, mikono ya mkokoteni humwinua. Ukikaa mbele mno, humkandamiza mpaka kiuno kimuume. Kwa hiyo huhamisha gunia moja au mawili mpaka mikono itulie viganjani, ikielemea chini kidogo tu, ndipo ang'oe nanga. Dereva wa trekta anayevuta trela la tani tano kutoka Suneka hadi Keroka ana jambo lile lile mbele yake, ila hana viganja vya kulihisi. Uzito ambao hamali anaupokea mikononi, kwake umekaa juu ya pini inayounganisha trela na trekta, nyuma ya mgongo wake, wala hana habari nao mpaka trekta lianze kuinuka au kuteleza. Mwongozo huu unahusu uzito huo wa pini. Ninashikilia kwamba katika vilima vya Kisii na Nyamira, kujua mzigo una tani ngapi hakutoshi. Lazima ujue pia umekaa wapi ndani ya trela, na uzito wa pini ujulikane kwa kipimo au kwa hesabu kabla injini haijawashwa.

Ninayemlenga hasa ni mwenye trela la ekseli moja, au ekseli mbili zilizokaa pamoja katikati, kwa sababu ndilo linaloegemea chombo kinacholivuta. Ekseli hapo ni kama mhimili wa mizani. Kila kilo iliyo mbele yake hukandamiza pini, na kila kilo iliyo nyuma yake huiinua. Trela la magurudumu manne ambalo ekseli ya mbele hugeuka pamoja na mkono wake halitii uzito wowote wa maana kwenye pini, na mwenye trela la namna hiyo anaweza kuyaacha mahesabu ya pini. Hata hivyo yanayohusu urefu wa mzigo, breki na miteremko yanamhusu kikamilifu, pengine zaidi, kwa kuwa trekta lake halipati msaada wowote wa uzito kutoka nyuma.

Miongozo mingi iliyopo duniani kuhusu jambo hili iliandikwa kwa ajili ya nyumba za magurudumu zinazovutwa na magari madogo wakati wa likizo. Ulaya hupendekeza uzito wa mbele uwe kati ya asilimia 5 na 7 ya uzito wote wa trela. Marekani hupendekeza asilimia 10 hadi 15. Wote wanaogopa kitu kimoja, nacho ni kuyumba. Gari likienda kasi kwenye barabara kuu, trela lisilo na uzito wa kutosha mbele huanza kutikisa mkia kushoto na kulia, na kila mtikiso huwa mkubwa kuliko uliotangulia mpaka gari lenyewe linatupwa nje ya njia. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Bath nchini Uingereza walipojaribu trela lenye uzito unaoweza kuhamishwa, walithibitisha kwamba utulivu kwenye kasi kubwa hutegemea sana uzito wa mbele, mahali ilipo ekseli, na kama mzigo umekusanywa karibu na ekseli au umetawanywa kwenye ncha mbili. Jambo hilo la mwisho husahauliwa mara nyingi. Mawe mawili mazito, moja mwisho wa mbele na jingine mwisho wa nyuma, yanaweza kukupa uzito sahihi wa pini na bado yakalifanya trela kuwa gumu kutulia likishaanza kuyumba. Kwa hiyo mizito ikae juu ya ekseli na mbele yake kidogo, myepesi ndiyo iende pembeni. Kama unavuta kitrela cha viti na mahema kwa pikapu kuelekea harusini au matangani, unaweza kukaa kati ya miongozo hiyo miwili. Trela la kilo 800 litie kilo 60 hadi 80 kwenye ndoano, mradi ndoano yenyewe na gari vimeruhusiwa kubeba kiasi hicho. Ukihisi mkia unatikisika, ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani bila kuugeuza, acha kasi ipungue yenyewe. Usikanyage breki kwa nguvu wala usijaribu kuusahihisha kila mtikiso kwa usukani.

Trekta, hata hivyo, haliendi kasi ya kutosha kuyumba namna hiyo, na hapa ndipo mwongozo wa Ulaya unapotuacha njiani. Adui wa dereva wa trekta Gusii ni mlima. Mji wa Kisii uko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari ilhali Ziwa Victoria, lisilo mbali, liko mita 1,134 hivi. Kati ya hapo na vilima vya Nyamira ni kupanda na kushuka, na ukiiacha lami kuingia njia za mashamba ya chai unakuta udongo mwekundu ambao mvua ya alasiri huugeuza utelezi. Sasa fikiria trela lenye uzito wa kilo 5,000 pamoja na mzigo, umbali kutoka ekseli hadi pini ukiwa mita 3.5. Kitovu cha uzito kikiwa sentimita 40 mbele ya ekseli, pini inabeba kilo 570 hivi, yaani asilimia 11. Hapo ni uwanjani, kwenye tambarare. Mlima ukipanda mita moja kwa kila mita kumi, na kitovu cha uzito kikiwa mita 1.2 juu ya pini, mzigo unakuwa kama umesogezwa nyuma sentimita 12. Pini inabaki na kilo 400. Ukishuka mlima huo huo, trekta likiwa ndilo linalolizuia trela, mzigo unakuwa kama umesogezwa mbele kwa kiasi hicho hicho, na pini inabeba zaidi ya kilo 740. Trela moja, mzigo mmoja, na tofauti ya kilo 340 kati ya kupanda na kushuka.

Rudia hesabu hiyo na mzigo uliopangwa vibaya, kitovu kikiwa sentimita 10 tu mbele ya ekseli. Uwanjani pini inabeba kilo 140 hivi, na mpakiaji anaridhika kwa sababu mkono wa trela haujainuka. Kwenye mlima ule ule pini inavutwa kwenda juu kwa kilo 30. Trela sasa linainua mkia wa trekta mahali pale pale ambapo matairi ya nyuma yanahitaji kuung'ang'ania udongo. Hasara ni kubwa kuliko tarakimu inavyoonyesha, kwa sababu pini iko nyuma ya ekseli ya trekta: kilo 570 zinazokandamiza pini sentimita 60 nyuma ya ekseli, kwa trekta lenye mita 2.3 kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, huyapa matairi ya nyuma karibu kilo 720, nyingine zikitoka kwenye magurudumu ya mbele. Ukizikosa hizo kwenye matope umekosa mshiko, na mshiko huo ndio huo huo wa kufunga breki. Ndiyo maana trekta linaweza kupanda nusu ya kilima, matairi yakaanza kuzunguka bure, kisha likarudishwa nyuma na trela lake bila breki kufaa kitu. Watu hulaumu matope. Matope yalikuwa hapo asubuhi pia.

Kuna wanaoshikilia kinyume chake: kama uzito wa mbele ni mzuri, basi tupakie mbele mpaka trekta lishike barabara kama gundi. Hoja hiyo ina nusu ya ukweli, na nusu iliyobaki inaua. Kila kilo unayoiweka kwenye pini hupunguza uzito wa magurudumu ya mbele ya trekta, na magurudumu hayo ndiyo usukani. Kanuni inayokubalika kwa wataalamu wa mitambo ya shamba ni kwamba ekseli ya mbele isibaki na chini ya asilimia 20 ya uzito wa trekta lenyewe. Kwa trekta la kilo 2,900, hizo ni kilo 580. Katika mfano wetu, kilo 570 za pini zinaondoa kilo 150 hivi mbele, jambo ambalo trekta la kawaida linalimudu. Kilo 1,500 za pini zingeondoa kilo 390, kisha mlima uongeze zake, na dereva agundue kwenye kona kwamba anageuza usukani ilhali trekta linakwenda moja kwa moja. Kwa trela la ekseli moja Gusii ninapendekeza asilimia 10 hadi 15 ikipimwa tambarare, na vyuma vya uzito mbele ya trekta visitolewe kwa sababu yoyote. Pini iwe daima kwenye mkono wa kuvutia ulio chini, chini ya usawa wa ekseli ya nyuma. Anayefunga mnyororo juu, pale panapofungwa mkono wa juu wa jembe, anaandaa trekta kuinuka na kumlalia dereva, na likishaanza kuinuka humaliza chini ya sekunde mbili.

Mizigo yenyewe haifanani, na ujuzi wa kupakia uko hapo. Chukua kuni za mikaratusi zinazopelekwa kwenye viwanda vya chai kama Sanganyi, Nyansiongo au Kiamokama, ambavyo tanuri zake huchoma kuni. Gogo bichi la mkaratusi lina uzito unaokaribia wa maji, karibu tani moja kwa mita moja ya ujazo, na upande wa shina ni mzito kuliko upande wa ncha. Magogo yakipakiwa mashina yakiwa nyuma kwa sababu ndivyo yalivyokuwa yamelala shambani, kitovu cha uzito kinarudi nyuma bila mtu kuona, kwa kuwa kwa macho rundo ni lile lile. Yageuze: mashina mbele. Yakiwa marefu kuliko bodi na yanachomoza nyuma, kata au punguza idadi, maana kila mita inayoning'inia inainua pini kwa nguvu kuliko mita iliyo ndani. Jiwe la sabuni la Tabaka lina hila tofauti. Mita moja ya ujazo inakaribia tani 2.7, hivyo trela linaonekana tupu wakati tayari limejaa, na wapakiaji hupenda kuyaacha mawe karibu na mlango wa nyuma ili yashushwe kwa urahisi. Yasogezwe mpaka ekseli na kuipita kidogo, kisha yazuiwe kwa mbao zilizopigiliwa, kwa sababu jiwe laini lenye vumbi huteleza juu ya chuma. Ndizi, nyasi za mifugo na miwa inayokwenda Awendo au Transmara ni kinyume: uzito si mkubwa kwa ujazo wake, lakini rundo hupanda juu. Katika hesabu ya mlima, urefu ndio unaozidisha kila kitu. Ukikishusha kitovu cha uzito kutoka mita 1.2 hadi sentimita 60 juu ya pini, umepunguza nusu ya madhara ya mlima bila kupunguza kilo moja. Mikungu mizito ya ndizi iwe chini, na rundo liishie pale kamba inapoweza kulibana.

Maji ndiyo mzigo wa hatari kuliko yote, na ndio unaodharauliwa zaidi kwa kuwa kila mtu anajua lita moja ni kilo moja. Tangi la lita 3,000 likijaa lina tani tatu zisizohama. Likiwa nusu, lina tani moja na nusu zinazokimbilia nyuma trekta linapopanda na kukimbilia mbele linaposhuka, yaani zinahama upande mbaya kila wakati. Safiri na tangi lililojaa au tupu. Kama kuna wateja njiani wanaochota kidogo kidogo, tangi liwe na kuta za ndani zenye matundu ya kuyapunguza mawimbi, na trela liende taratibu kuliko lilivyokwenda likiwa limejaa.

Pingamizi la haraka ni kwamba vipimo hivi havina mizani ya kuvifanyia. Kwa trela dogo, mizani ya bafuni inatosha hata kama haifiki uzito unaotafutwa. Laza ubao imara, ncha moja ikiegemea mizani na nyingine tofali lenye kimo sawa, umbali kati yao sentimita 90. Egemeza mkono wa trela juu ya ubao, sentimita 30 kutoka kwenye tofali na 60 kutoka kwenye mizani. Mizani itasoma theluthi moja ya uzito, nawe uzidishe kwa tatu. Trela liwe tambarare, na mkono uwe kwenye kimo kile kile cha ndoano, maana ukiuinua au kuushusha unabadilisha jibu. Kwa trela kubwa, tumia utepe wa kupimia na kalamu. Kila mzigo unaoongeza, zidisha uzito wake kwa umbali wake kutoka kwenye ekseli, kisha gawanya kwa umbali wa ekseli hadi pini. Gunia la mbolea la kilo 50 likikaa mita moja mbele ya ekseli ya trela letu la mita 3.5 linaongeza kilo 14 kwenye pini. Likikaa mita moja nyuma, linaondoa kilo 14. Kulihamisha gunia moja tu kutoka upande mmoja hadi mwingine kunabadilisha kilo 28, na magunia kumi kunabadilisha kilo 280. Mtu aliyesoma darasa la sita anaweza kuifanya hesabu hiyo juu ya karatasi ya risiti, na akishaifanya mara moja kwa trela lake, anaweza kuchora mstari wa rangi ndani ya bodi kuonyesha katikati ya mzigo panapotakiwa kuangukia.

Kama trela bado halijatengenezwa, nusu ya kazi inaweza kumalizwa kwa fundi wa jua kali. Mzigo unaojaza bodi sawasawa, kama mchanga, huwa na kitovu katikati ya bodi. Basi ekseli isiwekwe katikati kabisa. Kwa bodi ya mita nne, ichomelewe sentimita 35 hadi 45 nyuma ya nusu, na trela litakuwa na uzito wa pini wa kufaa hata mpakiaji akiwa mvivu. Mafundi wengine huweka ekseli katikati hasa kwa sababu trela linakuwa jepesi kuliinua kwa mkono likiwa tupu. Wepesi huo mteja anaufurahia siku ya kulichukua, kisha anaulipia kila mlima. Mwambie fundi umbali unaoutaka, naye aupime mbele yako kabla hajawasha mashine.

Pingamizi zito zaidi ni la pesa: mwenye mzigo anataka safari moja, na dereva akianza kupanga upya, wateja wanakwenda kwa mwingine. Ninalielewa hilo, na ndiyo maana sijaanza kwa kusema punguza mzigo. Kuyageuza magogo, kuyasogeza mawe na kuyashusha magunia ya juu kunachukua dakika, si safari ya pili. Pingamizi lingine ni la uzoefu, la dereva aliyebeba miaka mingi bila ajali. Uzoefu wake ni wa kweli, lakini unamweleza tu kwamba safari nyingi husamehe. Ajali ya namna hii inahitaji mambo matatu kukutana, mzigo wa nyuma, mlima na utelezi, na mawili kati ya hayo hayako mikononi mwake. Wala polisi au mizani ya barabarani havitamsaidia. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya Kudhibiti Uzito wa Magari ya mwaka 2016 inaweka kikomo cha tani 10 kwa ekseli moja yenye matairi manne. Inahesabu kilo zilizo juu ya ekseli, na trela lenye mzigo uliorudi nyuma linaweza kupita chini ya kikomo hicho likiwa tayari linaivuta pini kwenda juu.

Kushuka kunahitaji maneno yake. Trela la tani tano lisilo na breki linalosukuma trekta la tani tatu ndilo linaloendesha safari kama dereva hajajipanga kileleni. Kabla ya mteremko, funga pamoja pedali mbili za breki za trekta, kwa sababu ukikanyaga moja, gurudumu la upande mmoja litasimama na trela litalizungusha trekta. Chagua gia ile ile ambayo ungepandia, na usiiguse tena mpaka chini. Ukiweka gia huru katikati ya mteremko, unabaki na breki peke yake, na breki za trekta hazikuundwa kushikilia tani nane. Trela linalozidi uzito wa trekta liwe na breki zake, na zijaribiwe uwanjani likiwa na mzigo. Taniboi asisimame juu ya mkono wa trela kati ya vyombo viwili, hata kwa hatua chache za kulielekeza kwenye kona.

Mzigo ukishushwa nusu njiani, pini inabadilika, na hapa hata waliopakia vizuri hukosea. Wakianza kushusha sehemu ya mbele Keumbu kwa sababu ndiyo ya mteja wa kwanza, wanaendelea kupanda kuelekea Keroka na trela lililobaki na uzito wote nyuma. Panga tangu mwanzo ili mteja wa kwanza awe na vitu vya nyuma. Ikishindikana, sogeza kilichobaki mpaka ekseli kabla ya kuondoka. Mwisho wa safari, kabla ya kuchomoa pini, weka mawe makubwa mbele na nyuma ya magurudumu ya trela, kisha hakikisha mkono bado unaelemea chini. Kama mzigo uliobaki uko nyuma, mkono utaruka juu mara pini inapotoka, nao hufika usawa wa kidevu cha aliyeinama kuichomoa. Shusha kwanza sehemu ya nyuma, au egemeza mkia wa trela kwa gogo imara, ndipo uichomoe ukiwa umesimama kando.